Kinusi Hakijui Udi

Taa kwenye kola ya muuza nyanya iligeuka nyekundu akiwa katikati ya kupunguza bei. Hakuna aliyepiga kelele. Kisindikizi, mashine ndefu nyembamba yenye magurudumu laini, kilipenya kati ya meza za mboga, kikamwamkia yule mzee kwa adabu na kumshushia pazia la hewa. Pazia lenyewe halionekani. Ni upepo tu unaomzunguka mtu kama chandarua, pumzi yake isimfikie mwingine. Wakaondoka taratibu kuelekea Nyumba ya Pumzi, walikotengwa wagonjwa, na mteja aliyekuwa akinunua akahamia meza ya pili.

Mwantumu aliubana mkono wa mwanawe Raya, mtoto wa darasa la kwanza. Aliogopa, lakini moyoni alishukuru pia. Homa ya Majivu ilipoingia nchini, serikali ilifunga kila mlango. Mama yake mzazi alifia ndani kwa kukosa dawa ya sukari, homa yenyewe haikumgusa hata kidogo. Ndipo Chama cha Milango, cha upinzani, kilipokuja na hoja yake kwamba ufungwe ugonjwa, asifungwe mtu. Watu wa Mikoroshoni wakakipa uongozi wa jiji lao, na sasa lilikuwa jiji pekee lenye shule na soko wazi. Nchi nzima ilikuwa inapiga kura Jumapili hiyo, na wengi walisema Milango watashinda.

Hilali, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi wa chama na mmoja wa waliotengeneza kinusi. Ni kidude kidogo kama kifungo cha shati, na kila mtu hukivaa shingoni. Hilali aliwahi kumweleza kwamba homa ina harufu yake ndani ya pumzi, pua ya mtu haiipati, nayo hutangulia kabla ya kikohozi. Kinusi kikiipata, taa inakuwa nyekundu. Kisipoipata, kijani, na wewe endelea na shughuli zako.

Basi Mwantumu aliendelea na shughuli zake, mpaka ile siku ya mvua.

Nyumba yao ilikuwa ya watu wa udi. Mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, hakukubali nguo ivaliwe kabla haijafukizwa, iwe kanga au sare ya shule. Raya alikuwa akilala chumbani kwa bibi yake na kila asubuhi akinukia kama bibi harusi. Siku hiyo mkaa ulilowa, chetezo cha kufukizia hakikuwaka, na Bi Mwanahawa akavaa kanga iliyotoka kufuliwa tu, huku akilalamika kwamba anajisikia uchi. Alikuwa anachambua mchele kinusi chake kilipogeuka chekundu.

Mwantumu aliganda. Bibi mwenyewe hakuona. Alikuwa amefanikiwa kuwasha mkaa, akainama juu ya chetezo na kujifunika kanga gubigubi kama kawaida yake. Kisindikizi kilipofika mlangoni taa ilikuwa imerudi kijani. Kikaomba radhi kwa usumbufu, kikageuza.

"Umekiona?" Bi Mwanahawa alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Hata mashine inajua heshima ya nyumba hii."

Mwantumu hakucheka. Alifikiria soko zima lilivyokuwa likinukia udi siku hizi. Wengine walikuwa wamekwisha gundua kwamba udi unaificha harufu ya homa, wakafukiza makusudi ili wasichukuliwe. Alimpigia simu Hilali, akamwomba aje upesi.

Hilali alimsikiliza amesimama uani, macho chini. Alisema walikijaribu kinusi kwa moshi wa kuni, wa mkaa, wa sigara na wa magari mabovu. Udi hawakuujaribu.

"Wewe umelelewa ndani ya moshi huu, Hilali."

"Ndiyo maana, shemeji. Kwangu mimi haukuwa moshi. Ilikuwa harufu ya nyumbani tu." Akashusha sauti. "Tumejua tangu wiki iliyopita. Tukitangaza leo, Jumapili wanashinda wale wale, na Jumatatu wanatufungia tena. Umemsahau mama yako?"

"Sijamsahau. Na yule wa chumbani je, si mama yako?"



Mwantumu akamwita Raya. Alimvua sare, akamwogesha kwa maji na sabuni ya kufulia, nywele na yote, akamvika gauni ambalo halijafika karibu na chetezo. Akambandika kinusi chake. Mtoto alilalamika kwamba sabuni inamwasha. Wakasubiri watu wazima wawili, wakiitazama shingo ya mtoto. Taa ilikuwa kijani, ikabaki kijani, na Mwantumu akaanza kupumua. Kisha ikawa nyekundu.

Kisindikizi kilikuja haraka mno. Kilimwamkia Raya kwa jina lake, kikamshushia pazia. Mwantumu akajitupa aingie naye, upepo ukamrudisha nyuma.

"Samahani, mama. Wewe ni mzima," kilisema.

"Huyu ni mwanangu. Mimi si mzima, nimemwogesha sasa hivi, nimekula naye sahani moja."

"Pumzi yako ni safi. Wazima hawaingii."

Raya alikuwa anafungua mdomo bila kusikika, maana pazia huzuia na sauti. Mkono wake mmoja alikuwa ameubandika kwenye upepo. Mashine ikaanza kuondoka naye.

Mwantumu akakimbilia bombani. Alijimwagia ndoo nzima na kanga zake mwilini, akajisugua shingo, nywele, kwapa. Taa kijani. Akajimwagia tena. "Nisaidie," alimwambia Hilali. "Wewe ndiye uliyekitengeneza, nisaidie niugue." Hilali akachota, akamwagia, akachota, simu ya chama ikilia mfukoni mwake bila kupokelewa.

Taa ikageuka. Mwantumu alimshukuru Mungu kwa sauti, akatoka mbio barabarani, kanga imemganda mwilini, anakiita kisindikizi kimsubiri.

Hilali alibaki na ndoo mkononi. Ndani, mama yake alikohoa chini ya taa ya kijani. Akafungua bomba, akaijaza upya, akaingia nayo.