Uso Uliobaki Kiooni

Karani Nasibu alikutwa amekufa kwenye kiti chake, shavu limelala juu ya kibodi, na kioo cha kompyuta mbele yake kilikuwa chekundu.

Si wekundu wa taa. Kioo kizima, kona hadi kona, kilikuwa na rangi ya nyama mbichi, na kilitetemeka. Katikati ya wekundu ule ulionekana uso wa mtu, hafifu, ukitazama mbele bila kupepesa.

Chausiku, mfagizi wa ofisi, ndiye aliyefungua mlango saa moja asubuhi. Aliutambua uso ule kabla hata hajajua kuwa karani ni maiti. Alitupa ufagio akatoka mbio hadi vibanda vya chai, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa, machimbo yote ya Mwakitolyo yalikuwa yanajua. Maduhu, mchimbaji kijana aliyepotea wiki tatu zilizopita, ameonekana. Yumo ndani ya kompyuta, na amemuua Nasibu.

Inspekta Zuhra Hamza alifika saa nne kutoka Shinyanga mjini, akiwa na Sajini Masalu na Daktari Marcel, ambaye walimpitia hospitali ya Kolandoto. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha bati, mali ya kikundi cha wachimbaji wa Duara Namba Saba. Duara ni shimo la dhahabu. Hilo la saba lilikuwa limeporomoka siku ileile aliyopotea Maduhu, na tangu hapo halikuguswa.

Masalu aliishia kizingitini.

"Afande, mimi nitalinda mlango."

"Unalinda asiingie nani?"

"Nalinda tu, afande."

Masalu alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Aliwahi kumkamata jambazi mwenye bunduki kwa mikono mitupu. Lakini jambazi yule alikuwa hai.

Daktari Marcel aliinama juu ya maiti. "Amekufa jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Walioko nje wanasema umeme umempiga. Si umeme, hana alama ya kuungua popote." Akashusha kola ya shati la marehemu. "Amenyongwa."

Mstari mwembamba ulizunguka shingo. Chini ya sikio la kushoto kulikuwa na vishimo viwili vidogo, vimekaa sambamba.

"Hivi ni nini?" Zuhra aliuliza.

"Ndivyo nisivyovielewa. Kamba haiachi alama kama hizi."

Nje filimbi za walinzi wa kijiji zililia. Chausiku, aliyekuwa amejibanza ukutani huku amejifunga kanga hadi kichwani, alishtuka.

"Ni sungusungu," alisema. "Wanakutana saa nane. Wanataka kumtenga Mama Maduhu."

"Kwa kosa gani?"

"Afande, huyo mama amekaa pale kwenye gogo kila siku tangu duara liporomoke. Anasema mwanawe yumo chini. Msimamizi anasema kijana hakushuka siku ile, ametorokea machimbo ya Bugarama. Sasa jana asubuhi huyo mama akamwambia Nasibu mbele za watu: 'Mwanangu atakutazama mpaka useme.' Si unaona mwenyewe?" Hakuthubutu kugeuka kukitazama kioo.

Zuhra alijua maana ya kutengwa. Hupewi moto, huchoti maji, husalimiwi. Na mama mzee aliyetengwa kwa neno la uchawi huwa hamalizi wiki salama. Saa zilizobaki zilikuwa nne.

Alitoka akamkuta Limi, mama yake Maduhu, juu ya gogo lake, sungusungu wawili wenye marungu wamemsimamia.

"Mwangaluka, mayu," Zuhra alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Watu wanasema umemtuma Maduhu kwenye kompyuta."

Mama yule alimtazama kwa macho yaliyochoka. "Kama ningekuwa na uwezo wa kumtuma, ningemtuma aje nyumbani." Akaelekeza kidole kwenye shimo. "Mimi nataka wachimbe tu. Waseme mchawi, waseme nini, lakini wachimbe."

Zuhra alirudi ndani.

Baba yake, mzee Hamza, alikuwa fundi wa televisheni pale mjini, na Zuhra alikulia chini ya meza yake kati ya nyaya na vumbi la risasi ya kulehemu. Mzee yule hakufungua chombo chochote kabla hajatikisa waya. Wateja walikuja na hadithi za majini, yeye akitikisa waya, na majini tisa kati ya kumi yakihama palepale.

Aliupapasa waya wa picha nyuma ya kioo, ule unaotoka kwenye kompyuta. Aliposukuma kichwa cha waya ule, wekundu ulitoweka kwa sekunde moja. Alipoachia, wekundu ukarudi.

"Yesu wangu," alisema Masalu mlangoni.

Zuhra akauchomoa kabisa.

Kioo kikawa cha kijivu. Maandishi madogo yakatokea, yakisema hakuna mawasiliano na kompyuta. Na uso wa Maduhu ulikuwa bado pale, kwenye kijivu, unawatazama.

Zuhra alisikia nywele za kisogoni zikimsisimka. Alikuwa ameshika waya mkononi, kompyuta na kioo haviunganishwi na kitu, na bado mtu yule alikuwa anatazama. Alijilazimisha kushusha macho kwenye kile alichokishika.

Kichwa cha waya kilikuwa na vijiti vidogo kumi na vitano. Viwili vilikuwa vimepinda vibaya, kama vimekanyagwa.

"Huu ndio wekundu wenyewe," alisema polepole. "Kijiti kimoja hubeba rangi ya kijani, kingine bluu. Vikipinda, inabaki nyekundu peke yake. Mtu ameuchomoa waya huu, kisha ameurudisha kwa nguvu na kwa haraka." Akaugeuza waya mkononi. Ubavuni mwa kichwa kile kulikuwa na skrubu mbili ndogo, zimekaa sambamba. "Daktari. Hebu njoo."

Waliziweka skrubu zile kwenye shingo ya marehemu, chini ya sikio la kushoto. Ziliingia kwenye vishimo bila ubishi.

"Kielelezo namba moja," alisema Zuhra, na sauti yake ilikuwa kavu.

Masalu alitumwa kwenye duka la kudurufu kuazima waya mwingine. Sijapata kusikia sajini aliyekimbia kwa furaha namna ile. Waya mpya ulipochomekwa, wekundu ulikwisha, kioo kikatulia, ukatokea ukurasa mtupu wa kijivu. Uso ukabaki.

"Mbona hajaondoka?" Masalu aliuliza kwa kunong'ona.

"Kwa sababu hayumo kwenye kompyuta. Yumo kwenye kioo." Zuhra alivuta pazia. "Baba alikuwa na televisheni ya mgahawa mmoja. Ilionyesha stesheni ileile miaka mitatu, usiku na mchana. Mwishowe hata ukiizima, nembo ya stesheni unaiona kwenye kioo. Picha isiyoondolewa huacha kivuli. Kioo hiki kimekaa na picha ya Maduhu siku nyingi sana."

Giza liliposhuka chumbani, kivuli kilikolea. Chini ya uso yakaonekana maandishi, na Zuhra aliyasoma kwa sauti huku daktari akipiga picha, kielelezo namba mbili.

"Maduhu. Ameshuka saa tatu na dakika kumi asubuhi. Hali: yumo."

Chausiku aliangua kilio. "Ndiyo maana! Ndiyo maana alinikataza kupanguza!"

"Nani?"

"Nasibu! Kila anayeshuka duarani, Nasibu anafungua ukurasa wake wenye picha. Ukurasa hauondoki mpaka abonyeze AMETOKA. Wiki tatu hizi hakuizima kompyuta, hata siku moja. Alikigeuzia kioo ukutani. Nikisogea na kitambaa, ananifokea. Na alikuwa mpole yule, hafokei mtu!"

Zuhra alifungua kumbukumbu za kompyuta yenyewe, akatafuta jina. Humo kulikuwa na maneno mengine: Maduhu, ametoka, jana, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni.

Alikaa akayatazama yale maneno mawili, la kioo na la kompyuta. Moja lilikuwa la uongo, na lilikuwa limeandikwa ndani ya saa zilezile alizouawa karani.

"Niitie msimamizi wa duara," alisema.

Pantaleo aliingia akijifuta jasho. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, mwenye heshima zake. Ndiye aliyekuwa wa kwanza asubuhi ile kulitaja jina la Limi mbele ya sungusungu. Zuhra alikuwa amekigeuza kioo, Pantaleo aone mgongo wake tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Siku duara lilipoporomoka, Maduhu alishuka?"

"Hakushuka. Nimesema mara ngapi?"

"Umejuaje?"

"Mashati, afande. Kila anayeshuka anaacha shati lake kwenye misumari mdomoni mwa duara. Shati likiwa pale, baruti hailipuliwi, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka mwenyewe apande alichukue. Siku ile misumari ilikuwa mitupu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Kompyuta hii unaijua?"

"Mimi ni mtu wa sururu."

"Hata kubonyeza hujui?"

"Nasibu alinionyesha kumwingiza mtu na kumtoa, akiwa hayupo. Basi."

"Basi nisaidie, mzee wangu. Kama Maduhu hakushuka, jana saa kumi na mbili na dakika ishirini alitokaje?"

Pantaleo aliipungia mkono kompyuta.

"Hiyo kompyuta mbovu. Kila mtu ameiona inatoa damu."

"Ulikuwa waya. Nimeubadilisha." Na Zuhra akakizungusha kioo.

Wekundu haukuwepo tena. Uso ulikuwepo, na neno lake chini: yumo. Pantaleo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga bati.

"Shati lake liko wapi?" Zuhra aliuliza, taratibu sana.

Kisha yule mtu mkubwa akasema kama anaongea na kifua chake mwenyewe.

"Chini ya godoro langu."

"Kwa nini hukulichoma?"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Shati la mtu aliye chini halichomwi."

Zuhra alimsomea onyo lake la kisheria. Pantaleo hakusubiri liishe.

"Miaka kumi na minne sijapoteza mtu," alisema. "Hakuna msimamizi mwingine ukanda huu, mpaka Geita huko, anayeweza kusema hivyo. Wanakuja kunitazama ninavyofanya kazi. Siku ile walikuja wageni wa kikundi cha jirani. Nikawa naongea, naonyesha. Nikawasha utambi sijahesabu mashati. Baruti ilipokwisha kulia wageni wakaondoka, ndipo nikaliona. Shati moja. Mkono wangu ukalichukua kabla sijafikiri."

"Ulijua amekufa?"

"Hakuwa amekufa." Machozi yalianza kumshuka. "Alikuwa anagonga. Mara tatu, kimya, mara tatu. Siku mbili."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikawasha karasha."

Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Ikiwashwa husikii hata anayekupigia kelele sikioni. Daktari Marcel aligeukia dirisha.

"Na Nasibu?"

"Nilimwambia abonyeze AMETOKA. Akasema hawezi kuandika ametoka mtu ambaye hajatoka. Mwanzo aliniogopa, akanyamaza. Lakini yule mama kukaa pale kila siku kulimla. Jana akasema anamwita Limi aje asome mwenyewe, akakigeuza kioo, na akanyanyuka. Nikachomoa waya uliokuwa karibu." Alitazama viganja vyake. "Halafu nikaurudisha, nikabonyeza. Nikabonyeza ametoka, afande. Kioo kikawa chekundu, na Maduhu hakutoka. Akabaki ananitazama."

"Ukatoka ukamsingizia mama yake."

Pantaleo alinyoosha mikono. Masalu, aliyekuwa ameingia bila mwenyewe kujua, alimfunga pingu.

Saa nane sungusungu walikuwa wameshakaa kwa mduara mkubwa mbele ya machimbo, na Limi amesimamishwa katikati. Zuhra alipita kati yao na mfuko wa vielelezo mkononi. Ndani yake mlikuwa na kielelezo namba tatu, shati la bluu lililotolewa chini ya godoro la Pantaleo, kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi mweusi.

Hakutoa hotuba. Aliwaeleza mambo kwa ufupi, nani alishuka, nani alilipua, nani aligonga kwa siku mbili. Aliporudia habari ya karasha, mzee wa sungusungu alivua filimbi shingoni akaishika mkononi kama hajui ni ya nini.

Limi alinyoosha mkono. Kisheria lile shati lilikuwa kielelezo, na Zuhra alijua atakachoandikiwa makao makuu. Akaufungua mfuko akampa.

Mama alikipapasa kile kifungo, mshono wake mwenyewe. Kisha akatembea, peke yake, hadi mdomoni mwa Duara Namba Saba, akalitundika shati kwenye msumari.

"Mwanangu yumo," alisema.

Watu walilitazama shati. Walikuwa zaidi ya mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyeondoka, kwa sababu shati likiwa pale hakuna anayekwenda nyumbani. Mmoja aliinama akachukua sururu. Kisha wa pili. Masalu aliweka kofia yake ya polisi juu ya gogo la Limi akauliza kama kuna sepetu ya ziada.

Kielelezo namba tatu kilibaki kwenye msumari ule hadi siku ya nne, walipompandisha Maduhu.