Kicheko cha Juu ya Gurudumu

Mstari wa kupanda gurudumu ulikuwa mrefu, na haukuwa mstari. Walikuwa ni watu tu wanasukumana. Bulonza alikanyagwa kidole, akageuka na hasira yake yote, akakuta kijana mrefu, mwembamba, amevaa koti la abacost la kahawia lililokuwa fupi kwenye mikono.

"Umenikanyaga."

"Pole, mama. Mimi pia niko nasukumwa. Kanyaga na wewe ya kwangu, tuwe sawasawa."

"Viatu vyako viko na vumbi. Sitaki kuchafua sapato yangu."

Yule kijana akainama, akapangusa kiatu chake kwa kitambaa cha mfukoni, akakisogeza mbele. "Sasa kiko safi. Kanyaga."

Bulonza alitaka kukasirika zaidi. Akashindwa, akacheka.

Ilikuwa likizo kubwa, mwezi wa saba, vumbi jekundu mpaka kwenye kope za macho. Foire ilikuwa imeletwa na malori kutoka Bujumbura, ikatandazwa kwenye uwanja wa Ibanda, kando ya ziwa: bembea, farasi wa mti wanaozunguka kwa muziki, na hilo gurudumu lenye viti vya chuma, refu kupita nyumba yoyote ya mtaa. Bukavu nzima ilikuwa pale. Familia ya Bulonza iliteremka kutoka Kadutu kwa miguu, wote, na vikapu vya chakula. Mbele alitembea baba yake, Papa Isidore, mkuu wa kwaya ya parokia, kofia kichwani hata kwenye joto.

"Tumekuja kuangalia," alisema mlangoni. "Batoto banaweza kupanda. Lakini mutu mukubwa hapandi kitu chenye kuzunguka na kukurudisha fasi ulitoka. Ni upumbavu."

Kisha akaenda kumsalimia rafiki yake wa kwaya. Mama yake, Maman Isidore, akabaki kivulini kulinda vikapu, amenyamaza kama kawaida yake, kitambaa cha manjano chenye ndege weusi kichwani. Macho yake hayakutoka kwenye gurudumu.

"Naitwa Mushagalusa," yule kijana alisema. "Niko dereva kwenye kituo cha utafiti, kule Lwiro. Tukifika mbele, tutakaa kiti kimoja?"

"Nani amekuambia?"

"Nauliza tu."

"Basi uliza mashini."

Mashini ilikataa. Mfanyakazi wa gurudumu, jasho tupu, alikuwa anapanga watu kwa uzito, mnene na mwembamba, ili viti visiinamie upande mmoja. Aliwatazama wawili hawa akatikisa kichwa. "Miti miwili! Upepo utababeba." Akamsukuma Bulonza kwenye kiti pamoja na mama mmoja muuza samaki, ambaye alianza kusali kabla hawajaondoka. Mushagalusa alibaki chini akisubiri mtu mnene wake.

Gurudumu lilipanda, likashuka, likapanda. Kisha motere ikakohoa ikazima. Kiti cha Bulonza kilisimama chini upande wa ziwa. Watu wakapiga kelele. Na katikati ya kelele hizo, kutoka juu kabisa, kilishuka kicheko cha mwanamke. Si cha woga. Kilikuwa kikubwa, kinajikwaa na kuanza tena, kicheko cha mtu aliyekifungia miaka mingi. Bulonza aliinua kichwa lakini aliona tu migongo ya chuma ya viti. Akajiuliza: huyo ameona nini?

Baadaye Mushagalusa alimpata kwenye umati, nywele zimejaa majani, anahema.

"Unatoka wapi hivyo?"

"Kwenye muti. Nitakueleza. Wewe unafanyaka kazi wapi?"

"Kwenye farmasi ya pale chini. Simu nashikaka mimi."

Siku hiyo Maman Isidore alirudi nyumbani kichwa wazi. Alisema kitambaa wamemwibia. Njia yote ya Kadutu alikuwa anaimba chinichini.

Simu ya farmasi ikapata kazi. Kila asubuhi, patroni, mwenye farmasi, akitoka, ililia.

"Allo, farmasi? Niko mugonjwa."

"Unaumwa wapi, sitoyeni?"

"Hapa kushoto. Pananiuma tangu ile foire."

"Kunywa kinini."

"Nilikunywa. Inataka daktari mwenye sapato nyeupe."

"Mushagalusa, patroni anarudi! Kata, mpenzi wangu, kata!"

Siku za mapumziko Mushagalusa alipanda lori kutoka Lwiro, wakatembea kando ya ziwa, Bulonza katika vikwembe vyake vitatu vya kitenge, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi zikasimama kama taji. Mvua zilipoanza, alituma watu kuposa. Walikuja mjomba wake Barthélemy na wazee wengine, na pombe ya ndizi, na yeye mwenyewe katika ile abacost fupi. Papa Isidore aliwapokea vizuri. Mazungumzo ya ng'ombe yakaanza kwa adabu, yakaelekea pazuri.

Maman Isidore alikuwa jikoni, kama inavyotakiwa. Lakini mama gani hachungulii? Akasogeza pazia kidole kimoja, akamwona kijana. Akaachia pazia kama limemuunguza, akaenda kujifungia chumbani.

"Hapana," alisema kupitia mlango. "Ule, hapana."

"Sababu?" Papa Isidore aliuliza.

"Hapana."

Papa Isidore akarudi sebuleni. "Mama ya mutoto amekataa. Mumalize pombe, murudi."

Kesho yake shangazi Eulalie, ambaye huona kila kitu akakisema nusu, alimvuta Bulonza pembeni. "Mi namujua ule kijana. Nilimuona kwenye foire, juu ya lile gurudumu, amekumbatia mwanamuke! Mikono kwenye shingo! Bila shaka maman yako naye aliona."

Bulonza hakungoja simu ilie. Alipiga yeye.

"Allo, chérie..."

"Usiniite chérie. Ni nani ule mwanamuke wa gurudumu?"

"Mwanamuke gani? Ah! Ule maman?" Mushagalusa akacheka. "Ni maman moja mukubwa, walimuweka na mimi kwa kilo zake. Motere ikazima, akanirukia kwenye shingo akafunga macho. Ningefanya nini? Nimuangushe?"

"Na kisha?"

"Nikamwambia, maman, fungua macho, nionyeshe kwenu. Akafungua moja. Akatoa muhindi wa kuchoma kwenye kikwembe, akaukata, akanipa nusu kwa mukono wake. Tukakula. Upepo ukamutoa kitambaa cha kichwa, kikaanguka kwenye muti. Nilipanda kukitoa, nikamutafuta, nikamukosa. Niko nacho hapa."

Bulonza alishika simu kwa mikono miwili. "Rangi gani?"

"Manjano. Kiko na ndege nyeusi."

Bulonza aliketi juu ya katoni ya dawa. Kwao, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, wala mkwe haoni kichwa cha mama mkwe kikiwa wazi. Na huyu alikuwa amefanya yote mara moja, angani, mbele ya Bukavu nzima.

"Mushagalusa. Umekumbatia maman yangu."

Kwenye waya kulisikika kiti kikianguka.

"Allo? Uko?"

"Niko natafuta fasi ya kukaa," sauti ilisema, ndogo. "Basi tumekwisha, Bulonza."

"Ngoja. Mbona alicheka vile?"

"Sijue. Aliangalia chini kwenye farasi za muti, akacheka mpaka machozi. Nilimuuliza. Akasema: hii nitakufa nayo."

Jioni Maman Isidore alikuwa anasonga bugali. Bulonza akasimama mlangoni mwa jiko.

"Maman, farasi za muti zilikuwa na nini?"

Mwiko ulisimama.

"Ni ule kijana amesema?"

"Amesema tu kwamba ulicheka. Kitambaa chako yeye iko nacho."

Mama alirudisha mwiko kwenye sufuria. "Nilitaka tu kuona, mutoto wangu. Nilikaa pale na vikapu nikaona batu banapanda, banapanda. Nikasema, nami nione Bukavu kama ndege banavyoiona. Papa yako akijue..."

"Na ukinyamaza, mi nitabaki hivi?"

Maman Isidore alitoa sufuria motoni. Akapangusa mikono, akafunga vizuri kitambaa kingine kichwani, akaenda sebuleni. Bulonza akafuata mpaka kwenye pazia.

"Papa Isidore, mi nilipanda gurudumu. Waliniweka kiti kimoja na ule kijana. Njo maana nilikataa, nilisikia haya."

Papa Isidore alisimama. Sauti ya mkuu wa kwaya ikajaa nyumba: mwanamke mzima, mama ya batoto, kuzungushwa hewani! Ameacha vikapu! Maman Isidore alingoja amalize.

"Uko na haki, unihukumu," alisema. "Lakini kwanza unieleze. Ulikuwa unaenda wapi na ile farasi?"

"Farasi gani?"

"Nyeupe. Yenye mukia mwekundu. Kofia ulikuwa umeshika mukononi."

Papa Isidore aliketi. Nyuma ya pazia Bulonza alikuwa anauma ncha ya kikwembe chake.

"Nilikuwa naangalia tu," alisema baba yake, "namna wameitengeneza."

"Ulizunguka, ukateremka, ukapanda tena."

"Sikuwa nimeona muzuri."

Kwanza kilikuwa kama kikohozi kooni mwa Maman Isidore. Kisha kikatoka chote, kikubwa, kinajikwaa na kuanza tena, na Bulonza akakitambua pale pale. Alikuwa amekisikia mara moja tu maishani, kinashuka kutoka juu. Na sasa sauti nzito ya papa yake ilikuwa inakifuata.

Asubuhi Bulonza alipiga, na simu ya ofisi ya Lwiro ikalia.

"Allo," alisema Mushagalusa kama mtu aliyefiwa.

"Papa amesema murudi. Ulete mbuzi ya kuondoa haya. Na kitambaa, utamupa tante Eulalie, usimupe maman kwa mukono. Na ukifika, ukae umeangalia ukuta."

"Bulonza! Ni kweli? Utakubali kuolewa na mimi?"

"Nimekanyagwa bure?"

Mushagalusa alipiga kelele mpaka mtu akafungua mlango wa ofisi. Kisha akashusha sauti.

"Lakini mpenzi, kwenye farasi kulikuwa nini?"

"Hiyo," Bulonza alisema, "utaniuliza nikiwa bibi yako." Akakata.