Bodi ya Kumrudisha Lorine

Jumapili, soko la Kibuye mjini Kisumu hakuna pa kuweka mguu. Lorine alikuwa ametoka kanisani na gauni lake la manjano, akikwepa marundo ya mitumba, alipomkanyaga mguu muuzaji mmoja, Enos, mbele ya meza yake ya vipuri vya kompyuta.

"Pole, bwana."

"Kanyaga na mguu wa pili, nao usione wivu," Enos akasema, na wauza viatu wa jirani wakacheka kabla Lorine hajaamua kama atacheka.

Alicheka. Akajikuta anamweleza shida yake: yeye huhariri video za harusi na matanga, na kompyuta yake huchukua siku mbili kutoa video moja. Wateja wa mtaa wa kitajiri wa Milimani walikuwa wameanza kumkimbia. Alikuwa amejichanga anunue prosesa mpya, na bodi ya kuibeba.

Enos akamshauri achukue bodi ya kizazi kipya na prosesa ndogo. Baada ya miaka miwili angeitoa hiyo ndogo, aweke kubwa, bodi ibaki ile ile. Maneno matamu, na simu zikafuata. Asubuhi "umeamkaje, jaber wangu, mrembo wangu", mchana utani, jioni kicheko, mpaka Mama Lorine akawa anapunguza redio ili asikie vizuri. Wiki tatu hivyo, samaki wa ufuo wa Dunga wakaliwa mara mbili, na majirani wakaona Enos siku hizi anapiga mashati pasi.

Khadijah, rafiki yake Lorine anayetengeneza kompyuta za wanafunzi kule Maseno, ndiye aliyeharibu. Aliisoma orodha ya Enos akakunja uso.

"Memori ulizo nazo zinaingia kwa bodi ya kizazi cha zamani. Hii mpya inataka memori zake, na bei yake imepanda vibaya. Ukienda na ya zamani, pesa hizi hizi zinakupa prosesa ya viini vinane. Huyu anakupa sita. Hakukwambia?"

Lorine akapiga simu pale pale.

"Enos, ulijua memori zangu zinaweza kutumika?"

"Nilijua."

"Basi tafuta mjinga mwingine."

Soko lote lilikuwa na habari kabla ya saa sita. Lorine aliilaza simu kifudifudi mezani, akawa anaifunua kila dakika tano.

Jumamosi iliyofuata chama cha kuchangiana cha Mama Lorine kilijaa sebuleni, akina mama kumi na wawili wakiambua njugu, Enos akabisha hodi na boksi kwapani. Lorine alisimama mlangoni na leso yake kiunoni, asimkaribishe. Mamake ndiye aliyemkaribisha. Aongee tu, alisema, wao hawasikii. Njugu zikaacha kuambuliwa.

Ndani ya boksi mlikuwa na bodi ya zamani na prosesa ya viini vinane, kwa bei aliyonunulia. Kama Lorine hamwamini, alisema, Khadijah aje aifunge.

"Hii imefika mwisho," Enos akasema. "Haitapokea prosesa kubwa zaidi. Lakini kwa kazi uliyo nayo leo, ndiyo inayokufaa."

"Na ile nyingine?"

"Ile ungerudi kwangu." Akalisogeza boksi mbele. "Siku ya kuweka prosesa kubwa ingefika, ungerudi kununua. Nilikuwa natafuta sababu ya kukuona, Lorine, nikaitafuta kwa pesa yako. Nilikosa."

Mama mmoja akavuta pumzi. Lorine akalitazama boksi.

"Kwa hivyo nikichukua hii, huna sababu ya kurudi hapa."

"Sina."

"Hata ya kuuliza kompyuta inaendeleaje."

"Hiyo haitakusumbua. Sina."

Lorine akalipokea boksi. "Basi itabidi uje bila sababu. Kesho, baada ya kanisa."

"Kesho ni siku ya soko."

"Najua ni siku ya soko."

Enos alifikiria meza yake, wateja wa wiki nzima wanaokuja siku hiyo moja. "Nitakuja," akasema.

"Kwani leo anaenda wapi, asikae?" Mama Lorine akauliza, na kochi zima la akina mama likasogea, nafasi ya watu wawili ikapatikana.