Plau na Mabega ya Mama

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Verdiana alichota maji, akafagia uwanja, kisha akakimbilia shamba la kijiji kushika kamba ya maksai. Ilikuwa mwaka 1976. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo wa Usevya, na kijiji kilikuwa kimepata plau yake ya kwanza. Watu wachache walichaguliwa kujifunza kuitumia. Wote walikuwa wanaume, isipokuwa mmoja: mama yake Verdiana, Mama Pelagia.

Mama Pelagia alikuwa mjane. Tangu mumewe afariki alilima peke yake kwa jembe la mkono, na kila mwaka chakula kiliisha kabla mahindi mapya hayajakomaa. Kamati ya kijiji ilikuwa imesema wazi: akifuzu, wanawake nao watapewa zamu ya plau, akishindwa, waendelee na majembe yao. Basi masikini mama huyu alibeba tumaini la wenzake wote.

Mwalimu wao alikuwa Bwana Shamba Bartolomeo, mtu mrefu, mchangamfu, mwenye sauti ya kuweza kuita ng'ombe wa kijiji cha jirani. Siku ya kwanza aliwashikisha plau wanaume mmoja baada ya mwingine.

"Mama, wewe tazama kwanza," alisema.

Mama akatazama mpaka jua likawa kali. Lakini nani amewahi kujua kulima kwa kutazama?

Zamu yake ilipofika, mikono ya plau ilimfika kifuani. Ili kuishika ilimbidi ainue viwiko na kupandisha mabega. Hakuweza kuikandamiza, na plau ikawa inaparuza udongo juu juu tu.

"Kandamiza, mama! Tumia nguvu kama wanaume!" Bwana Shamba alihimiza.

Wanaume wakacheka. Hata Manyanda, kijana wa Kisukuma aliyewapita wote kwa urefu, alicheka.

Ilikuwa hivyo wiki nzima. Jioni moja Mama alishindwa kuipua chungu cha maharage jikoni. Verdiana alipomfunua kanga mabegani, aliona yamevimba. Akamkanda kwa kitambaa na maji ya moto, huku machozi yakimlengalenga.

"Mama, tumwambie Bwana Shamba."

"Thubutu! Wakijua, watasema wanawake hatuwezi. Mvumilivu hula mbivu, mwanangu. Usimwambie mtu."

Asubuhi iliyofuata Bwana Shamba alimwita Verdiana kando. "Naona mama yako anakunja uso. Anaumwa?"

"Hapana, Bwana Shamba. Ni mzima kabisa," Verdiana alijibu, akitazama chini.

Haukupita muda. Katikati ya shamba mkono wa Mama uliishiwa nguvu, plau ikalala ubavu na kumburuta chini. Maksai wakashtuka, wakatimua mbio huku Verdiana akining'inia kwenye kamba. Manyanda aliruka mbele, akawazuia kwa fimbo na mluzi. Mama aliinuka polepole, tope limemjaa usoni.

"Si tulisema?" mwanaume mmoja alinong'ona.

Bwana Shamba alimsogelea Mama kwa upole. "Pole sana, Mama Pelagia. Pumzika tu. Nitaieleza kamati kwamba kazi hii imekuzidi."

Verdiana aliposikia hivyo, alishindwa kuvumilia.

"Bwana Shamba, nilikudanganya!" alisema akilia. "Mama anaumwa. Mabega yamevimba. Lakini kazi haijamzidi! Hiyo mikono ya plau iko juu, anashika kama anakwea mti!"

Mama alimkata jicho. Bwana Shamba aliitazama plau, kisha akasimama kando ya Mama. Kiuno chake kilikuwa sawa na kifua cha Mama.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulisema nitumie nguvu kama wanaume. Ningetaja maumivu, nyie mngesema, ndio wanawake hao."

Bwana Shamba alishikwa na aibu. Kisha akatoa spana mfukoni. Kwenye vyuma vilivyobeba mikono ya plau kulikuwa na matundu kadhaa, moja chini ya jingine. "Ilipofika niliifunga kwa kimo changu," alisema. "Hayo matundu mengine wala sikuyafikiria."

Alipokwisha kuishusha mikono, Manyanda alikohoa. "Samahani, Bwana Shamba. Kwangu mimi ipandishwe. Kiuno kimekufa kwa kuinama."

"Na wewe mbona ulinyamaza?"

"Mwanaume nitasemaje kiuno kinauma, na mama huyu yuko hapa anavumilia?"

Kicheko kikalipuka, na safari hii Mama naye alicheka.

Alipumzika mpaka uvimbe ukaisha, ndipo akashika plau tena. Mstari wa kwanza ulipinda kidogo, lakini udongo mweusi uligeuka vizuri kutoka chini. Kamati ilipokuja kumpima, alilima kipande chake chote mbele ya macho yao, na siku hiyohiyo wanawake wakapangiwa zamu.

Bwana Shamba aliwakusanya wanafunzi wake wote na Verdiana pia. "Huyu mtoto alikosea kunidanganya," alisema, "lakini ukweli wake ndio uliotuokoa. Kosa langu mimi ni kubwa zaidi. Nilidhani kuwatendea watu sawa ni kuwapa kitu kilekile kwa kipimo kilekile. Kumbe chombo ndicho kinachopaswa kumfuata anayekitumia, awe mwanamke au mwanaume. Na anayeumia kazini aseme mapema. Kuumia si uvivu."

Njiani kurudi nyumbani Mama alimshika Verdiana mkono.

"Nilikufundisha kunitii, mwanangu, na uendelee kunitii," alisema. "Lakini siku nyingine nikikuambia ufiche ugonjwa wangu, usinisikilize."