Dumu Lililopumua

Kwanza niliona dumu limevimba tumbo.

Lilikuwa karibu na jiko, limejaa maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Bibi Mwanamkuu aliyakamua siku nne kabla ya khitma ya babu, ili wasomaji wa Kurani wakija kumwombea wapate cha kunywa. Alikaza kifuniko wadudu wasiingie. Nilipoinama kuchukua mwiko nilisikia sss, kama mtu anavuta pumzi. Jikoni nilikuwa peke yangu.

Asubuhi ya khitma Bibi alionja kikombe. Akaongeza cha pili, na cha tatu.

"Matamu," alisema. "Yanawasha kidogo tu."

Adhuhuri haijafika, nikamsikia anaongea ukumbini.

"Husseini, kaa basi. Mbona umesimama mlangoni?"

Husseini ni babu. Tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla. Mlangoni palikuwa na pazia tu, nalo lilitikisika.

Bibi akacheka kwa sauti nzito isiyo yake. Kisha akaanguka mkekani, macho nusu wazi.

Mjomba Mwinyimvua alikuja mbio. "Marehemu kampanda kichwani. Mpeni anywe, apoe." Akajaza kikombe kutoka kwenye dumu.

"Usimpe," alisema Bi Kijakazi, jirani yetu. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja kutusaidia kupika.

"Wewe na sindano zako. Haya si ya zahanati."

"Sindano sina. Nina pua." Akamnusa Bibi mdomo, akanusa kikombe. "Mwinyimvua, hii ni pombe."

"Mama yangu? Mtu wa swala tano?"

"Hakujua. Mabibo yana sukari. Yakikaa siku mbili tatu kwenye joto, sukari inageuka kileo. Utamu unaficha ukali. Dumu limevimba kwa hewa yake, lingeweza hata kupasuka."

Akamlaza Bibi ubavu, asipaliwe na matapishi. Akamwita, akamfinya. Bibi hakuitika.

"Asiyeamka hasubiriwi. Tafuta gari."

Mjomba alitoka bila viatu.

Zahanati walimtundikia dripu. Jua lilipokuwa linazama, Bibi akafumbua macho.

"Wageni wamekunywa?"

"Wamekunywa maji ya kisima, Mama," alisema Mjomba. "Yale tumeyamwaga shimoni."

"Watoto je?"

"Hakuna aliyeonja."

Bibi akageukia ukutani, akalia.

Sasa tunakamua mabibo asubuhi, tunayanywa siku hiyohiyo. Yakibaki, tunamwaga. Khitma ya mwaka huu watoto walikunywa, wakacheza uani mpaka magharibi.

Lakini liko jambo sijamwambia mtu. Siku moja kabla Bibi hajaanguka, nililegeza kile kifuniko nikanywa kikombe. Kichwa kilizunguka. Babu akaniita jina langu, Warda, mara mbili, kutoka nyuma ya pazia. Niliogopa, nikaona haya, nikakaza kifuniko.

Nilijua. Nikamwacha Bibi anywe.