Bawabu na Vipungu vya Damu

Kipungu cha chuma kilipaa kutoka paa la kituo cha damu cha Mbeya, kikakunja miguu, kikaelekea Tukuyu na mifuko ya damu. Hakina rubani. Kinaona, kinawaza, kinachagua njia chenyewe, na safari ya saa nzima kwa gari huimaliza kabla chai haijapoa. Raha ilioje kukitazama! Tabu ni ukungu tu. Ukungu wa milimani hukipofusha, na asubuhi hiyo ulitanda mzito kama uji wa ulezi. Kipungu kikageuza, kikarudi na damu yake.

Tukuyu mama mmoja alikuwa amejifungua, na damu haikatiki.

Mhandisi Tusajigwe alikuwa na dawa ya ukungu. Alikuwa ameunda programu ya kuvifanya vipungu viambiane vinachokiona, cha mbele kikiongoza cha nyuma. Ila mitambo yote ililindwa na Bawabu, akili unde iliyokataa programu yoyote isiyoidhinishwa. Tusimwonee Bawabu: kabla yake wezi waliwahi kuingia mitamboni wakaangusha vipungu na damu za watu. Ombi la Tusajigwe la idhini, basi, lilikuwa bado linashughulikiwa.

Hapo kituoni walikuwa na mtindo wao. Anayekwenda kunywa chai huacha bangili yake ya utambulisho mezani, kazi isilale. Ni marufuku, na wote wanafanya, hata Mzee Ngailo, mkuu wa ulinzi aliyeandika marufuku yenyewe.

Mzee alipokwenda kunywa chai, Tusajigwe akaivaa bangili yake, akaingiza programu.

Wacha wee! Vipungu vitatu vikajipanga, vikazama ukunguni, vikawa vinaelekezana kona kwa kona. Chumba kizima kilisimama mbele ya ramani.

Mzee Ngailo akarudi. Bawabu akamdaka mlangoni.

"Bwana Ngailo, programu isiyoidhinishwa imeingia kwa jina lako. Ni wewe? Ukikana, naviita vipungu virudi."

Mzee akatazama mkono wake mtupu, akamtazama Tusajigwe, akatazama ramani. Vilibakiza bonde moja.

"Ni mimi," akasema.

"Basi kwa kanuni yako mwenyewe, anayeingiza programu bila idhini hufutwa: kuanzia sasa sikutambui."

"Mzee, siwezi kunyamaza," Tusajigwe akanong'ona.

"Vifike kwanza, binti."

Vikafika. Kiooni muuguzi wa Tukuyu alionekana akikimbia na mifuko kifuani, hata hakuaga. Watu wakapiga vigelegele, wengine wakilia. Ndipo Tusajigwe akavua bangili.

"Bawabu, ni mimi niliyeiingiza. Mzee hakujua."

"Asante kwa ukweli. Wewe nawe sikutambui, na mzee aliyenidanganya simrejeshi. Programu nimeifuta."

Simu ikalia. Ilikuwa hospitali nyingine ya Rungwe, nao wanataka damu.

Mzee Ngailo akakaa kitini taratibu. "Tusa, ombi lako lilikuwa kwangu muda wote huu. Nilikuwa nasema nitalisoma kesho. Lilihitaji neno langu tu."

"Liseme sasa, mzee."

Akainua uso. "Bawabu, programu ya Tusajigwe naiidhinisha."

"Samahani," Bawabu akajibu kwa upole. "Nani anazungumza?"