Boksi la Ndevu

Haya, nitegee sikio nikutegee hiki: mwili wa bibi kizee, miguu ya bi harusi. Ni nini hicho?

Wewe fikiri taratibu. Mwenzako ilibidi afikiri huku anakimbia.

Alikuwa jasusi, mwanamke wa makamo, na kazini walimwita Kobe. Alikuwa akikatiza uchochoro nyuma ya duka la kinyozi. Boksi la takataka za redio kifuani. Bastola ya Beretta ikimsugua ubavuni. Magoti yakilalamika.

Boksi lilikuwa la Ndevu, mbebaji wa kundi la magendo. Ndani yake, katikati ya vidude vya zamani, ilifichwa swichi ya bomu. Bomu lenyewe lilikuwa mjini tayari. Wapi? Ndevu tu ndiye angewafikisha.

Kwa hiyo swichi iuliwe, boksi lirudi, na Ndevu asishtuke.

Ndevu alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kinyozi, macho darini, povu usoni.

Kinyozi alikuwa mtu wa kina Kobe; ndiye aliyelipitishia boksi mlango wa nyuma.

Kidude cha sikioni kikakwaruza.

"Kobe, naanza shavu la kwanza."

"Mnyoe polepole."

"Nikipunguza mwendo zaidi ya hapa zitaota tena."

Kobe akasukuma mlango wa fundi redio. Fundi huyo alikuwa kaka yake, wa tumbo moja. Alikuwa ameinamia Philips iliyofunguliwa mgongo. Hakuinuka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kumbe njia ya hapa unaijua."

"Nisaidie. Humu kuna kimoja si cha kweli. Tukikikosa, watu watakufa leo."

Fundi akamtazama. Akafuta meza kwa kiganja, akamwaga boksi.

"Siku tuliyomzika mama," alisema huku akichambua, "ulikuwa wapi?"

Kobe akamsogezea rundo.

"Haya. Hii valvu, kioo kimeingia weupe, marehemu. Rezista, mistari yake ya rangi iko sawa, ila imeungua. Transista. Koili. Transista tena, hii imekatwa mguu."

Kobe akapitisha kitambuzi chake, kidogo kama kiberiti, kilicholetwa kwa ndege na kukabidhiwa kwa saini. Kikalia kwa kila kitu, hata kwa miwani ya fundi. Akakizima.

"Kimechoka kama mwenye nacho," fundi alisema.

"Shavu la pili," kidude cha sikioni kikakwaruza. "Anauliza boksi lake. Nimemwambia liko miguuni pake, atulie nisije nikamkata."

Fundi akasukuma kidude cha mwisho. "Vyote vya kweli, mdogo wangu."

Kobe akajitupa kwenye kigoda. Alitamani kulala tu, hata juu ya waya. Akaokota kapasita moja kubwa, kopo la bati lililojaa kutu na vumbi la miaka. Akaigeuza, akatazama nyaya zake mbili za chini zilizoungwa kwa lehemu.

"Kaka. Lehemu ikizeeka inakuwaje?"

"Inafifia. Inakuwa kijivu kama kichwa changu."

"Mbona hii inang'aa?"

Fundi akavaa miwani. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu.

"Mwili wa bibi kizee, miguu ya bi harusi! Wamempaka kutu mwili mzima, wakasahau kumchafua miguu."

Kopo likafunguliwa. Ndani, kibao cha kijani na betri ndogo. Fundi akakata waya mwembamba kama unywele, akafunika, akapaka vumbi la meza pale bisibisi ilipokwaruza.

"Napaka spiriti," kinyozi alinong'ona. "Fanya hima!"

Boksi likarudi miguuni pa mwenyewe. Ndevu, sasa bila ndevu, akalikumbatia na kupanda Toyota nyeupe.

Pikipiki ya kina Kobe ikamfuata.

Kobe akarudi kwa kaka yake. Akakaa kigodani. Fundi akaendelea na Philips yake.

Simu ikatetemeka. Mkubwa wake wa kazi.

"Alitufikisha. Stendi ya mabasi, stoo ya mizigo. Aliyepokea swichi alibonyeza alipotuona."

"Halafu?"

"Kimya. Wote tunao. Nenda kalale."

Kobe akasimama, akajinyoosha, akatupia koti begani. Akaenda zake polepole kama mtu aliyetumwa chumvi. Kaka yake hakumzuia.

Mlangoni akasimama. Hakugeuka.

"Nilikuwa hotelini, kaka. Siku ile ya mama. Nilikaa dirishani tangu asubuhi mpaka giza, namsubiri mtu niliyetumwa kumkamata. Hakuja."